Laptopu inachukua dakika mbili kuwaka, mchawi ni draiva ya waifai?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina laptopu ya zamani nimeiwekea mfumo wa Ubuntu Server 22.04 itunze mafaili ya stationari yangu. Kila umeme ukikatika ukarudi inachukua dakika mbili na ushee kuwaka, inahesabu tu sekunde eti inasubiri mtandao, na juu kuna mistari ya iwlwifi imeandika failed with error -2. Jamaa yangu anasema draiva, ile programu inayoendesha kadi ya waifai, imekufa, ninunue waifai ya USB. Ninunue? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hela yako kaa nayo kwanza ndugu yangu. Hiyo -2 maana yake faili halijaonekana, basi. Draiva ya Intel, ndo hiyo iwlwifi, ikiamka inaomba fimuwea (programu ndogo ya ndani ya kadi) ya toleo jipya kabisa inalolijua, ikikosa inashuka toleo moja moja na kila ikikosa inalalamika, ndo hayo uliyoyaona. Piga sudo dmesg | grep iwlwifi, zile namba za kushoto ni sekunde tangu keneli, yaani kiini cha mfumo, ianze. Ukikuta mstari wa loaded firmware version uko kwenye sekunde ya 6 au 8 hivi, basi draiva ilishamaliza kazi yake kitambo, dakika mbili zinaliwa na mwingine. Mstari huo usipouona kabisa, hapo sawa, weka kifurushi cha linux-firmware.

Sasa andika systemd-analyze blame, inaorodhesha nani kachukua muda gani wakati wa kuwaka, naona kabisa utakutana na systemd-networkd-wait-online juu kabisa. Huyu anasimama mlangoni mpaka kila kadi ya mtandao iliyoandikwa kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) ipate mtandao, ikishindikana anakata tamaa baada ya sekunde 120, na hesabu yako ndo hiyohiyo. Mara nyingi mtu anaweka Ubuntu akiwa amechomeka waya, tundu la waya linaandikwa humo, baadaye anahamia waifai anasahau, huyo wait-online anausubiri waya ambao haupo. Na umeme ukirudi ruta nayo ndo kwanza inaamka!

Fungua faili lililoko /etc/netplan, chini ya jina la kadi ya waya ongeza optional: true, yaani isisubiriwe, na ya waifai pia iongezee kama ruta yako ni mzembe. Nafasi piga kwa spesi, tabu haikubali. Halafu sudo netplan generate, zima, washa.

Ila kama kuna folda unaivuta toka mashine nyingine kwa NFS (njia ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao) usikimbilie hapo, itawaka kabla mtandao haujafika na folda utaikuta tupu, kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski na folda za kufungua, iwekee x-systemd.automount ifunguke pale mtu anapoigusa.

Ikigoma nitumie majibu ya blame yote kwa maandishi tafadhali, juzi mtu kanitumia picha ya skrini nusu, nusu nyingine kidole.