Fida ina mita nne tu: nitajuaje volteji ya kila transfoma?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi hapa Nairobi. Nimepewa fida, yaani laini ya kusambaza umeme kutoka substesheni, ya kV 11 yenye transfoma 30, na mita ziko substesheni na kwenye transfoma tatu peke yake. Mkubwa wangu anataka volteji ya kila transfoma. Inawezekana, ama nitakuwa nabahatisha?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Inawezekana. Unachotafuta ni volteji na pembe yake (wimbi lake limetangulia au kuchelewa kiasi gani) katika nukta 31, substesheni ikiwemo. Pembe ya substesheni tunaihesabu sifuri, kwa hiyo usiyoyajua ni 61. Mita zako nne, kila moja ikitoa volteji, kW (nguvu inayofanya kazi) na kVAr (nguvu inayokwenda na kurudi tu bila kufanya kazi), zinakupa vipimo 12.

Pengo huzibwa kwa kukadiria mzigo wa transfoma 27 zilizobaki: kW na kVAr, makadirio 54. Jumla una taarifa 66, na hesabu inatoka. Ila kadiria kwa uangalifu. Rekodi za tokeni husema mteja alinunua yuniti ngapi, hazisemi alizitumia saa ngapi. Transfoma ya Kariobangi Light Industries hulemewa mchana, mafundi wakichomelea vyuma. Ya magorofa ya Umoja hupanda kuanzia saa moja jioni, watu wakitoka kazini. Ukizikadiria kwa mtindo mmoja, umeharibu hesabu yote.

Fred Schweppe wa chuo cha MIT, Marekani, aliyeileta njia hii ya kukadiria hali ya gridi (state estimation) mwaka 1970 kwa gridi kubwa, alizipa taarifa uzito tofauti: moja gawanya kwa mraba wa kosa. Kwa mzigo uleule, mita yenye kosa la asilimia 1 ina uzito mara 900 kuliko kadirio lenye kosa la asilimia 30. Mita zikisema, makadirio yanasogea.

Lakini kabla hujagusa kompyuta, nakusihi, itembee laini yote kwa miguu. Niliwahi kupoteza siku mbili nikirekebisha makadirio kwa sababu mita moja ilikataa katakata kupatana na hesabu. Kumbe baada ya matengenezo, transfoma ile ilihamishiwa fida ya jirani kwa swichi ya nguzoni, na mchoro wetu haukurekebishwa. Mchoro ukikosea, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Hakikisha pia saa za mita zote zinalingana. Jioni, nusu saa tu mzigo umeshabadilika. Na mkubwa wako mpe kila volteji pamoja na ukubwa wa shaka yake, programu ya hesabu hii huutoa. Palipo na shaka kubwa zaidi, mara nyingi mwisho wa tawi refu, ndipo umwombee mita ya tano.