Vidonda vikavu, mgonjwa anazidi kuzorota: msisubiri tarehe ya kliniki

Mkuu, pole kwa kuuguza. Unasema bimkubwa katolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu (wanaingiza kamera kwa vitundu vidogo, hawapasui tumbo lote), leo siku ya nne, vidonda vizuri ila tumbo limejaa na chakula hataki, na watu wanasema ni gesi. Hiyo "gesi" mimi ilinilaza wodini wiki mbili.

Gesi ipo kweli. Wanajaza hewa ukaa tumboni wapate nafasi ya kuona, na inayobaki ndiyo inaumiza bega. Lakini siku mbili tatu huwa imepungua. Mimi siku ya kwanza nilienda chooni mwenyewe, ya pili nikanywa uji, ya tatu kikombe kikanishinda, ya nne kanga haikufungika kiunoni. Kupiga simu hospitali, naambiwa nitembeetembee. Mume wangu naye kila akichungulia plasta anafurahi: vidonda vinne, vidogo kama ukucha, vikavu. Joto 37.4, tukajipongeza, kumbe nameza paracetamol kila baada ya saa sita!

Aliyeshtuka ni wifi yangu, nesi. Alinishika mkono, akatazama saa yake dakika nzima bila kusema neno. Mapigo 118, na nimelala tu. "Wifi, vaa viatu."

Ultrasaundi ikaonyesha maji chini ya ini. Wakapitisha mpira ubavuni, kwenye mfuko ikashuka rangi ile ya maji ya kisamvu. Nyongo ilikuwa inavuja. Baadaye wakaingia na kamera kwa mdomo, wakaacha kijimpira kwenye mrija wa nyongo ili ipite njia yake mpaka pale panapovuja pajifunge.

Kwa hiyo achana na vidonda, linganisha leo na jana. Kwa matundu mgonjwa anatakiwa apate nafuu kila kukicha. Akirudi nyuma, kuna kitu. Mhesabu mapigo sasa hivi, dakika nzima, akiwa ametulia. Yakizidi 100, au anatapika, au tumbo gumu na hajambi, ondokeni usiku huu. Hata yakiwa chini ya hapo, kwa hali uliyoeleza ningempeleka. Macho ya manjano usiyasubiri, yangu hayakugeuka kabisa. Mrudishe kwa waliompasua, siyo famasi, na wakisema gesi omba kipimo cha damu na ultrasaundi kabla hamjaondoka.

Ukishamhesabu niandikie hapa ni mangapi, niko macho.