Annales: Maana na Asili Yake

SWALI: Katika vitabu vya historia ya kale nimekuwa nikikutana na neno la Kilatini annales. Naomba kufafanuliwa maana na asili yake, na kama ni jina jingine tu la historia.

JIBU: Neno hili limetokana na annus, yaani mwaka. Hapo awali lilikuwa kivumishi, kwani Warumi walisema libri annales, vitabu vya miaka, kisha libri likaachwa na kivumishi kikasimama peke yake. Maana yake ni kumbukumbu za matukio zilizopangwa mwaka baada ya mwaka.

Kumbukumbu mashuhuri za aina hii huko Roma ziliandikwa na kuhani mkuu, Pontifex Maximus, juu ya ubao mweupe aliouweka hadharani nyumbani kwake ili raia wausome. Zoezi hilo lilikoma katika zama za Publius Mucius Scaevola, aliyeshika ukuhani mkuu mwaka 130 KK. Cato, mwandishi wa karne ya 2 KK, alikataa kunakili ya ubaoni, kama vile nafaka ilipopanda bei au mwezi ulipopatwa. Kwa maoni yangu hakuutendea haki ubao ule, maana habari kama hizo ndizo zinazomwonyesha mtafiti wa leo jinsi watu wa kawaida walivyoishi.

Annales si jina jingine la historia. Mwanahistoria yuko huru kufuata kisa kimoja tangu chanzo hadi hatima yake, ilhali mwandishi wa annales hufungwa na mwaka: vita vikidumu miaka mitatu, atavisimulia kwa vipande vitatu, kila kipande mahali pake, kikichanganyika na habari nyingine za mwaka huo. Tacitus mwenyewe, mwanahistoria wa Kirumi, katika kitabu chake kinachojulikana kwa jina hilohilo, anakiri kwamba angependa kuruka mbele aeleze mwisho wa watu fulani waovu, lakini utaratibu wa kuweka kila jambo katika mwaka wake unamzuia.

Utaratibu huo haukuwa wa Warumi peke yao. Nchini China, kumbukumbu za dola la Lu zinahusu miaka ya 722 hadi 481 KK, naye al-Tabari, mwanahistoria wa Kiislamu, alipanga habari za zama za Uislamu kwa kufuata miaka ya Hijra. Kitabu chake huitwa Tarikh, neno la Kiarabu lililotupatia tarehe na tarihi. Hata hivyo, tarihi yaweza kuwa historia ya mpangilio wowote. Kwa hiyo anayetafsiri annales afadhali aandike “kumbukumbu za mwaka kwa mwaka”.