Usiniulize Jina la Rangi

"Kaka, hongera sana. Naomba jina la rangi tu, mengine nitamalizia mwenyewe."

Ujumbe wa namna hiyo unanijia karibu kila siku tangu niweke picha za blasta yangu, bunduki ya kuigiza ya filamu za Star Wars niliyoitengeneza mwenyewe, iliyoshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya mavazi ya wahusika wa filamu mwezi uliopita. Wengine wanauliza kama niliinunua. Hao nawasamehe, tena nawapenda. Anayenikera ni huyu wa rangi tu, na ananikera kwa sababu namfahamu vizuri: ni mimi wa miaka miwili iliyopita.

Wakati ule nilikuwa na printa ya 3D ambayo bado ilikuwa inanukia upya, faili nililolipakua bure usiku wa manane, na imani kwamba kopo la rangi ya kupuliza likiwa zuri kazi imekwisha. Nilichagua blasta ya Han Solo, mhusika wa Star Wars, ile DL-44 ambayo kila mmoja wetu ameiota. Printa hizi hupanga plastiki tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huacha mstari. Kwa haraka zangu nikachapa kwa tabaka nene za milimita 0.3, nikabandika nusu mbili kwa gundi, nikapitisha msasa kama mtu anayefuta vumbi mezani, kisha nikaanza kupuliza nyeusi. Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote usiku mmoja. Nje mvua inanyesha, dirisha wazi, na mimi naipulizia vanishi hivyo hivyo. Asubuhi nikakuta blasta imeota ukungu mweupe kama kioo cha bafuni, maana unyevu ulikuwa umenaswa ndani ya vanishi. Nikajiambia huo ni uchakavu wa vita. Nikavaa, nikaenda mashindanoni.

Jaji aliipokea kwa mikono miwili, na mikono yake ikapaa juu. Alikuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Baadaye niliipima nyumbani: gramu 380. Bastola ya Mauser C96, ambayo ndiyo iliyovalishwa vikorokoro ikawa blasta ya Han Solo kwenye Star Wars ya 1977, ina zaidi ya kilo moja. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakisikia. Alichukua ukucha wa kidole gumba akaupitisha juu ya mtutu, kutoka nyuma kwenda mbele. Krrrrr. Kama anakwaruza kitana. Akanitazama kwa upole kabisa akauliza, "Hii mistari ni sehemu ya muundo?"

Waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakacheka. Si wote, ila walitosha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka jina la rangi, nisikilize. Rangi ya kupuliza ni utando mwembamba mno. Haizibi shimo wala kulaza mstari, na ikiwa ina mng'ao wa chuma ndiyo kabisa, kila mkwaruzo unasimama na kujitambulisha. Siku ile jaji hakuona rangi mbaya. Aliona plastiki iliyovaa rangi nzuri.

Blasta ya pili niliianza nikiwa na hasira, na hasira ni mafuta mazuri kwa kazi ya msasa. Nilichapa upya kwa tabaka za milimita 0.12, nikaunganisha nusu zile kwa gundi ya epoksi, nikapiga pati ya magari, ile ya kuzibia, kwenye kila mshono. Nikasugua kwa msasa namba 120, nikaenda 220, nikapuliza praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, ile nzito inayojaza vishimo. Nikaangalia, nikaona imelala safi. Nikaridhika.

Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alinionyesha mchezo ambao laiti ningeujua mapema nisingechekwa. Alichukua kopo la rangi nyeusi akapuliza kwa mbali juu ya praima yangu, vumbi jepesi tu, madoadoa. Ilipokauka akanipa msasa namba 400 na maji, akasema sugua. Palipoinuka, weusi ukatoka. Palipobonyea, weusi ukabaki. Ndani ya dakika tano mtutu wangu "uliolala safi" ulikuwa na mistari kama pundamilia. Macho yangu yalikuwa yananidanganya, na taa ya chumbani ilikuwa inayasaidia kudanganya. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye makala hii, chukua hicho: praima ya kijivu, vumbi la nyeusi, msasa wa maji. Weusi ukibaki popote, pati tena, praima tena, msasa tena.

Katikati hapo kuna jioni kumi na tisa ambazo hazina hadithi. Turuke.

Uzito nao nilikosea mara ya kwanza. Nilijaza chubwi za kuvulia samaki ndani ya mpini, nikafika kilo moja, nikafurahi, lakini kila nikiishika mtutu unatazama mbinguni. Kumbe Mauser ile ina kisanduku cha risasi mbele ya kifyatulio, kwa hiyo uzito wake unakaa mbele ya mkono. Nikatoboa, nikahamisha chubwi, nikapitisha fimbo ya chuma ndani ya mtutu. Sasa ukiishika, mkono unatii wenyewe. Naona fahari kusema hivi: watu wanaoishika huwa wanashusha sauti.

Haya, rangi. Najua umekuwa ukisubiri.

Kabla ya kupuliza jiulize unaiga nini. Wale waliotengeneza vifaa vya filamu ile hawakuanzia kwenye plastiki. Walichukua bunduki halisi. Blasta ya askari wenye mavazi meupe, kwa mfano, ilitoka kwenye Sterling ya Uingereza. Kwa hiyo unachoiga ni chuma cheusi kilichoshikwa na watu miaka mingi. Chuma cha namna hiyo hakichakai ovyo. Kinang'aa kwenye kingo, pale kinapoingia na kutoka kwenye ala, kwenye vifundo ambavyo kidole gumba hugusa kila siku. Ndani ya mifereji kinabaki cheusi na kinakusanya uchafu. Nimeona blasta nyingi zilizopakwa fedha kila mahali kama zilivingirishwa kwenye changarawe, na mwenye nazo amesimama pembeni anatabasamu. Sisemi neno. Na mimi nilitabasamu.

Mimi nilianza na rangi ya fedha, mwili mzima. Nikaiacha siku mbili. Juu yake nikapiga nyeusi yenye mng'ao mdogo, mikono miwili myembamba, na kabla haijakomaa sana nikachukua sponji kavu ya kusugulia vyombo nikapita kwenye kingo polepole mpaka fedha ya chini ikachungulia. Huo ni uchakavu wa kweli, maana kweli rangi imelika. Kuchora mikwaruzo kwa brashi ni kazi ya mwisho, tena kidogo sana. Kisha vanishi, siku kavu, narudia, siku kavu. Baada ya vanishi ndipo nikasaga risasi ya penseli kuwa unga, nikaupaka kwa kidole na kusugua kwa kitambaa mpaka weusi ukapata ule mng'ao baridi wa chuma. Usiupake kabla ya vanishi isiyong'aa, utazimika wote. Hiyo, kwa taarifa yako, ndiyo risasi pekee iliyowahi kugusa bunduki yangu.

Mpini unaoiga mbao niliupaka rangi ya mchanga kwanza, halafu nikavuta kahawia nzito kwa brashi ngumu iliyokaribia kukauka, kufuata mwelekeo mmoja kama nyuzi za mti. Hakikisha mbao na chuma havina mng'ao sawa. Vikifanana, jicho linarudi kuona plastiki.

Nimepoteza pia darubini moja ya kukaa juu ya blasta, niliyoiacha ndani ya gari juani. Plastiki ya PLA, ile ninayochapia, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa kwenye jua kali halina huruma. Ilipinda kama upinde. Nililia? Tuseme nilikaa kimya muda mrefu.

Na jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: ncha ya chungwa. Marekani iliweka sheria tangu 1988 kwamba bunduki za kuchezea ziwe na alama hiyo kwenye mdomo wa mtutu, na hata pale ambapo hakuna sheria, mtu anayekuona kwa mbali hajui kwamba ulikaa jioni kumi na tisa na msasa. Kadiri kazi yako ilivyo nzuri ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Mimi nimeziba mtutu, nimepaka chungwa, na naibeba ndani ya begi lililofungwa mpaka ndani ya ukumbi. Inaniuma kuitazama ile chungwa, sikatai. Hakuna jaji aliyenipunguzia alama kwa ajili yake. Usibishane na mimi kwenye hili.

Tunapenda sana njia ya mkato. Tunaona picha iliyokamilika tunadhani siri imo ndani ya kopo, na aliyekaa na msasa tunamwita mwenye bahati. Narudia: msasa. Ukichoka, msasa. Ukiona imetosha, puliza vumbi la nyeusi uone aibu yako, halafu msasa.

Aliyenipita akachukua nafasi ya kwanza alikuwa na taa ndani ya mtutu na sauti ya kufyatua. Nilikwenda kuishika. Chini ya mpini wake, pale ambapo hakuna anayetazama, nilipitisha ukucha. Kimya kabisa. Nikampa mkono.

Sasa nipo kwenye ya tatu. Darubini bado ina mstari mmoja upande wa kushoto ambao weusi haujataka kutoka, jana nimerudi kwenye pati. Nasikia jaji yule atakuwepo tena mwaka huu. Aje na kucha zake.