Maswali na Majibu: Kadi ya Bima Haiazimwi

*Shikamoo daktari. Mwezi uliopita nilitibiwa kwa kadi ya bima ya mdogo wangu, maana tunafanana. Sasa yeye kaenda hospitali kwa homa, kompyuta inasema ana kisukari. Tufanyeje? – Ujiji*

Marahaba. Kwanza, aliyepimwa ni wewe. Kisukari ni chako, na unatembea nacho bila dawa huku jina la mdogo wako ndilo limeandikwa. Nenda kapime leo, kwa jina lako.

Pili, nendeni wote wawili kwa mganga mfawidhi mkaseme ukweli, ili kumbukumbu zisahihishwe. Najua mnaogopa, kwa sababu kuazima kadi ni kosa. Ogopeni zaidi kitakachofuata mkinyamaza. Faili la karatasi lilikuwa likikosewa, kosa linabaki kabatini. Siku hizi alichoandika daktari kinaonekana maabara, kinaonekana dirisha la dawa, na miaka mitano baadaye bado kipo. Mdogo wako akipewa vidonge vya kushusha sukari wakati haumwi, baadhi yake vinaweza kumshusha mpaka azimie. Kundi la damu hupimwa upya kabla ya mtu kuongezewa damu, lakini aleji ya penisilini haijulikani hivyo: daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa na kilichomo kwenye faili. Mgonjwa aliyepoteza fahamu haelezi kitu. Linabaki faili, nanyi mmelichafua.

Barua za namna hii zinaniumiza kwa sababu hazikomi. Wenye kadi, mkiombwa na ndugu, mchangieni pesa ya matibabu. Kadi kataeni.

*Nimenunua saa ya mkononi inayopima sukari bila kutoboa. Niache kujichoma kidole? – Nguruka*

Usiache. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ukijidunga insulini kwa kufuata namba za saa hiyo, unaweza kufa.

*Kwa nini kila nikienda kituo cha afya naandikishwa upya na kupimwa upya? – Kasulu*

Namba yako ya faili iko wapi? Nimeshasema hapa mara nyingi: iandike kwenye daftari la kliniki na uihifadhi kwenye simu. Tumia majina yaleyale ya kitambulisho cha taifa, si Juma leo na Baba Asha kesho. Na ukibadilisha laini ya simu, waambie mapokezi.

*Mhudumu alipiga picha majibu ya vipimo vya jirani yangu, yakafika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Inaruhusiwa? – Mwanga*

Hairuhusiwi hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jirani yako anaweza kulalamika kwa uongozi wa kituo, na pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wewe ifute picha hiyo. Usimtumie mtu mwingine, hata kwa nia ya kumwombea mgonjwa. Mtu akiaibishwa hivyo huacha kliniki, na wenzake wanaosikia huacha kwenda kupima.

*Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Kuna programu gani nzuri ya simu ya kufuatilia ujauzito? – Kakonko*

Kabla ya programu, hifadhi namba 115, wewe na yeye. Ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kupiga ni bure, na hata simu ya kitochi inatosha. Anayepokea hutafuta usafiri, uwe gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kama nyumbani kwenu mtandao unasumbua, tafuteni mapema mahali unaposhika. Akitokwa damu, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, akipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, piga hapohapo. Usiulize kwanza kwenye grupu.