Udongo wa Destrehan umedumuje?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nilitembezwa kwenye nyumba kuu ya shamba la Destrehan, Louisiana, kando ya mto Mississippi. Sehemu ya ukuta imeachwa wazi, na ndani nikaona udongo! Kwetu nyumba ya kukandika ikikosa matengenezo masika mbili tu huanza kumomonyoka. Hiyo imesimamaje tangu 1790?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Uliona sawasawa, ni udongo. Lakini haubebi mzigo wowote. Paa na sakafu vimebebwa na fremu ya mbao za saipresi, mti wa vinamasi usiooza upesi. Kati ya nguzo zilipachikwa fito, kisha juu ya fito ukaning'inizwa udongo uliokandwa pamoja na nyuzi za ule mmea unaoshuka kwenye matawi ya mialoni kama ndevu. Nyuzi hizo huozeshwa kwanza mpaka ganda la kijani litoke, zibaki nyeusi na ngumu. Wafaransa wa huko huita mchanganyiko huo busiyaji. Fundi wa kukandika kutoka Tanga angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Sasa tazama maji. Ghorofa ya chini ni ya matofali, kwa hiyo udongo uko juu, mbali na unyevu wa ardhi. Paa limeshuka mpaka kufunika baraza pana, mvua haiupigi ukuta. Juu yake kuna lipu ya chokaa, inayoacha unyevu utoke. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunapiga lipu ya saruji juu ya udongo, unyevu unanaswa ndani, na ukuta unaoza huku nje unang'aa.

Nguzo nene ulizoziona mbele si za mwanzo. Ziliwekwa miaka ya 1840 hivi, mtindo wa Kigiriki ulipopendwa. Za awali zilikuwa nyembamba, za mbao. Madhara makubwa hayakuletwa na mvua. Kiwanda cha mafuta kilipofungwa hapo 1958, nyumba ilitelekezwa, na wezi wakazichimba kuta wakitafuta hazina ya maharamia. Ukarabati ulianza baada ya chama cha historia kukabidhiwa nyumba mwaka 1971.

Mkataba wa ujenzi wa 1787 bado upo. Mjenzi, Charles Paquet, alikuwa mtu mweusi aliye huru. Aliahidiwa ng'ombe na ndama wake, mpunga, mahindi, fedha, na mtumwa mmoja.