Padre aliyetuuliza "Umejuaje?"

Mleta uzi ameuliza: ni mwalimu gani ambaye mpaka leo ukiwa kazini bado unaisikia sauti yake, na alikufanyia nini? Nimesoma majibu ya wenzangu tangu jana usiku, nikaona na mimi nimseme wangu. Jina lake nalihifadhi. Ndugu zake wapo, na yeye mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Mapadre walikuwa kadhaa pale seminarini, lakini mtu akisema "Padre kasema", kila mmoja wetu alijua ni nani.

Niliingia seminari ndogo mkoani Iringa mwaka 1998, kidato cha kwanza, mtoto wa mpasua mbao kutoka Mufindi. Padre alitufundisha Historia na Kilatini. Alikuwa Mbena, mtu mfupi, na baridi ya mwezi wa sita ikianza alivaa sweta la kijivu juu ya kanzu mpaka mwezi wa nane. Hakuwa mpole darasani. Ukijibu swali, hata ukipatia, alikuuliza: "Umejuaje?" Ukisema kitabu kimeandika hivyo, anakuuliza tena: "Na aliyeandika kitabu alijuaje?" Wengi tulimwogopa kwa ajili ya hilo neno moja.

Mwaka ule ilitimia miaka 100 tangu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ajipige risasi kule Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani wasimpate akiwa hai. Aliyelelewa Iringa hahitaji kusimuliwa: Lugalo mwaka 1891, ambako kikosi cha Kijerumani cha kamanda Zelewski kiliangamizwa na Zelewski mwenyewe akauawa, kisha ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, kisha miaka ya kuwindwa porini. Padre aliomba lori la seminari, tukapakiwa kidato cha kwanza chote hadi Kalenga.

Ndani ya makumbusho tuliliona fuvu la Mkwawa. Wenzetu Wahehe walivua kofia bila kuambiwa, nasi tukavua. Padre alituacha tusimame kimya kwa muda mrefu. Tulipotoka nje akatukalisha chini ya mti, akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu tupande lori: "Tunajuaje kwamba ni lake?"

Rafiki yangu mmoja, Mhehe, alisimama huku machozi yanamlengalenga. Akasema babu yake ndiye aliyemwambia. Mimi nilidhani Padre atamkatiza. Alimwambia, "Huo ni ushahidi. Uandike wa kwanza." Kisha ndipo akatueleza mengine. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita, na miezi sita ikawa miaka 35. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu mengi, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Lilirudi mwaka 1954. "Vipimo hivyo vinaweza kukusogeza karibu," Padre alisema, "lakini kukufikisha haviwezi. Sasa niambieni, mbona hata mimi nimevua kofia?"

Hakutupa jibu. Tulibishana kwenye lori, tukabishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Nilikuwa na miaka 14, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniamini kiasi cha kuniachia swali.

Mwaka 2000, nikiwa kidato cha tatu, nilimwandikia gombera, mkuu wa seminari, kwamba naacha seminari. Hakuna aliyenikosea. Kila nilipopiga magoti kanisani nilijua upadre si wangu, na niliona ni uongo kuendelea kula chakula cha watu waliokuwa wakichangia padre mtarajiwa. Gombera alinielewa. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Kigango kizima kilikuwa kinasubiri misa yangu ya kwanza. Mama alilia siku mbili. Baba hakulia wala hakugomba, aliacha tu kuniongelesha. Akitaka nilete maji anamwambia mdogo wangu aniambie.

Wiki ya tatu Padre alikuja kwa pikipiki, ametapakaa vumbi jekundu. Baba akatoka na "Tumsifu Yesu Kristo" ya baridi sana. Wakakaa kwenye benchi nje, mimi nikiwa jikoni nasikiliza. Baba alisema, "Padre, mmenirudishia mtoto." Padre akamjibu, "Mzee wangu, mimi nilimfundisha Historia. Hiyo ameimaliza vizuri kuliko wote. Mengine ni yake na Mungu." Kisha akasema ameshanitafutia nafasi shule ya kutwa Iringa mjini, na ada ya mwaka wa kwanza ipo. Alibaki mpaka jioni, akala ugali na maharage, akasifia maharage. Alipoondoka baba aliniita kwa jina langu.

Tangu hapo kila mavuno baba alipima debe moja la maharage, akalipeleka barabarani lipakiwe basi liende kwa Padre. Mimi nilimwandikia barua. Alizijibu zote, na pamoja na jibu alinirudishia barua yangu ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nikiwa chuo kikuu nilimwandikia kwamba "wananchi wote" wa kijiji fulani walipinga jambo fulani. Ilirudi na neno moja pembeni, nanyi mnalijua. Leo nafanya kazi ya migogoro ya ardhi, nasikiliza wazee na kusoma ramani, na sijawahi kusaini ripoti bila kuliona neno lile pembeni.

Padre alikuwa amelelewa na wamisionari Wakonsolata, na usemi wa mwanzilishi wao, Yosefu Allamano, aliurudia mara nyingi: jema lifanywe vizuri, bila kelele. Allamano alipotangazwa mtakatifu Oktoba 2024 nilitamani mno nimpigie simu. Sikujua mpaka siku ya mazishi kwamba tulikuwa wengi tuliolipiwa ada. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Alifariki Juni 2014. Nilipanda basi Ubungo alfajiri, na nilipofika parokiani nilimkuta baba ametangulia kutoka Mufindi, amekaa ukutani kwa koti lake la Jumapili, na debe liko miguuni. Nikamuuliza, baba, hilo la nini tena? Akasema lilikuwa limeshapimwa. Baada ya maziko alilibeba mwenyewe mpaka jikoni kwa masista.